Paka Ndani ya Kapu la Mashuka

Nyumbani,
8 Januari

Kwa kifungua mimba wangu,

Pokea salamu zilizonyooka, zisizo na mkunjo hata mmoja, kutoka kwa mama yako. Mimi ni mzima isipokuwa goti. Bibi yako ni mzima, anakusalimu, anasema kama maji yamekuzunguka pande zote basi kitanda kisogeze katikati ya chumba. Mdogo wako ni mzima, sasa anasuka vichwa vitatu kwa siku pale kwa msusi anayemfundisha, anakusalimu. Mjomba wako fundi baiskeli ni mzima, anakusalimu, amejigonga nyundo kidole gumba cha mkono wa kulia, na yeye si wa mkono wa kushoto, sasa hatujui nyundo aliishika nani. Jirani yetu Mama Redio ni mzima, hajazimika hata siku moja, anakusalimu na mtaa mzima umejua kwamba anakusalimu. Mzee Mkunjo bosi wangu naye anakusalimu. Hakusema, lakini nimemsemea.

Baada ya salamu, barua yako ya kwanza imefika. Ilikuwa ndani ya foronya ya tatu kutoka chini kama tulivyokubaliana. Mzee Mkunjo aliiona, akasema barua ruhusa, karanga marufuku. Namshukuru, maana huko kwenu kisiwani simu haishiki, na kama hiyo nyumba ya wageni isingekuwa inaleta mashuka yake kwa boti kufuliwa huku kwetu kila wiki mbili, ningekuwa nakuulizia habari kwa upepo.

Nimeisoma mara nne. Mimi niliishia darasa la tatu, wajua mwenyewe, kwa hiyo mara ya kwanza nasoma herufi, mara ya pili nasoma maneno, mara ya tatu ndipo namsikia mwanangu. Ya nne ilikuwa ya Bibi. Umesema kuna kobe mwenye umri mkubwa kuliko Bibi, analala mlangoni kwako na huwezi kutoka mpaka aamke. Bibi ameuliza, je, ana wajukuu? Umesema kuna popo wakubwa kama kuku, wananing'inia mitini mchana kweupe, na wageni wanatoka mbali kuja kuwatazama. Sisi popo akiingia darini tunamtafuta mtu wa kumtoa!

Lakini lililoninyima usingizi ni yule kaa. Umesema ana ukubwa wa beseni, anapanda mnazi, anapasua nazi kwa mkono mtupu, kisha anaingia chumbani kwako kwenye pengo la mlango na ameshakuibia kiatu kimoja. Umeandika kama mzaha. Mwanangu, mnyama anayepasua nazi atashindwa na kidole cha mguu?

Basi nimefanya la kufanya. Ndani ya kapu hili, chini ya mashuka ya juu, kuna mfuko wa wavu, na ndani ya mfuko yumo Soksi. Humjui sana, alikuja hapa chumba cha pasi wakati wewe uko chuoni. Ni paka jike mweusi, miguu yote minne myeupe. Panya wa mtaa huu wanamwamkia shikamoo. Mweke mlangoni, tuone huyo kaa. Nahodha wa boti hajui, na Mzee Mkunjo hajui, maana angepiga kelele za manyoya kwenye mashuka. Kapu likilia usiogope, ni yeye.

Najua miezi yako sita ya majaribio inaisha Juni, na ndipo watakapoamua kukupa kitambulisho cha mwongoza wageni au kukurudisha. Fanya kazi vizuri. Usipokipata, nyumbani kupo.

Nijibu upesi, uniambie Soksi amefikaje.

Mama yako

*

Kisiwani,
23 Januari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo. Mpe Bibi shikamoo yake, mwambie kobe hana wajukuu wanaojulikana lakini ana dharau kama aliyewahi kulea. Mjomba pole ya kidole. Mdogo wangu asisahau kunisukia nikirudi. Mama Redio mwambie huku hakuna habari, apumzike.

Mzigo ulifika.

Mama, laiti ungeona ninayoyaona. Kuna ndege hapa mweupe pe, mdogo, ana macho makubwa meusi kama vifungo vya koti. Huyu hajengi kiota kabisa. Anataga yai lake moja juu ya tawi tupu, kwenye kijishimo kidogo tu, upepo unavuma na yai linakaa. Kinda likitoka lina kucha za kushikilia tawi kwa nguvu kuliko mtoto mwenye njaa anavyomshikilia mama yake. Wageni wanakuja na kamera zao ndefu wanakaa kimya kama wako msibani. Nilipomwona mara ya kwanza nilikuwazia wewe, nikasema Mama angemtafutia huyu mto.

Kuna mwingine tunamwita Mkia-uzi. Mkia wake ni manyoya mawili marefu, membamba kama uzi unaoning'inia kwenye cherehani. Huyo anataga chini, kwenye kivuli cha kichaka. Ukimkaribia hakimbii. Unaweza kuinama karibu kabisa, anakutazama tu kama mtu aliyekaa barazani kwake. Maji yakipwa, kuna samaki wanaotembea kwa mapezi juu ya tope la mikoko, na kwenye maji ya kina cha goti samaki bapa waitwao taa wanapita wamejitandaza chini kama nguo iliyoanguka kutoka kambani.

Mkuu wa hifadhi hapa, tunayemwita Mzee Kimya, wiki hii ametutoa kwenye kutembeza wageni. Tunahesabu viota vya chini, kiota kimoja kimoja. Ni kwa muda tu.

Mengine tutaongea siku nyingine. Usiwe na wasiwasi juu yangu.

Mwanao

*

Nyumbani,
27 Januari

Mwanangu,

Salamu. Sisi wazima. Bibi ni mzima ila jino la mwisho limetoka, analitunza kwenye kopo na hataki kusema la nini. Mdogo wako ni mzima. Kidole cha Mjomba kimepona, sasa amegonga cha pili. Mama Redio amesikia kuhusu yule ndege wa yai juu ya tawi, na kesho yake wanawake watatu waliniuliza kama kweli umeona ndege anayetaga akiruka. Nimechoka kusahihisha.

Umeandika vizuri, kurasa mbili, nimeshukuru. Lakini mimi ni mama yako. Nilikutumia paka mzima mwenye miguu minne, nawe umenijibu maneno mawili: mzigo ulifika. Mtu hasemi "mzigo" kuhusu Soksi. Anakula? Kaa amerudi? Amekufa ndani ya kapu unanificha? Kama amekufa sema, nitalia, nitanyamaza.

Halafu hilo la kuhesabu viota. Nimelifikiri nikipiga pasi mpaka nikaunguza ncha ya foronya. Mtu akitolewa kwenye kazi aliyojifunza akapewa ya kuhesabu, hiyo huwa si heri. Nimekaa kazini miaka kumi na tisa, nazijua njia za mabosi.

Nikuambie jambo. Hapa chumba cha pasi kuna meza ya pili, ile ya dirishani. Mwenyewe ameolewa, amehama. Nimemwomba Mzee Mkunjo asimpe mtu mpaka Juni. Dirisha linaingiza hewa nzuri. Sisemi kitu, nasema tu meza ipo.

Nijibu kuhusu Soksi.

Mama yako

*

Nyumbani,
10 Februari

Mwanangu,

Kapu limerudi Jumamosi. Nimetoa mashuka yote moja moja. Nimepekua foronya zote arobaini, nimegeuza hata taulo. Hakuna barua.

Nilimfuata nahodha gatini nikamwuliza, binti yangu ni mgonjwa? Akasema, "Mgonjwa hapana, mama. Lakini hacheki." Nikamwuliza kwa nini hacheki. Akajifanya anafunga kamba, na kamba yenyewe ilikuwa imeshafungwa.

Bibi anakusalimu. Wote wanakusalimu. Sina la kuongeza. Niandikie hata mstari mmoja.

Mama

*

Kisiwani,
21 Februari

Mama,

Shikamoo. Barua zako zote mbili ninazo. Nilianza kukujibu ile ya kwanza mara tano nikachana.

Soksi hajafa. Ingekuwa afadhali nikuambie tangu mwanzo.

Nilipofungua kapu nikamkuta, nilikaa chini nikacheka mpaka machozi. Alikuwa ananuka chumba cha pasi, Mama, ile harufu ya shuka moto. Hapa kuna sheria moja ambayo kila mtu anafundishwa siku ya kwanza: hakuna kiumbe hai kinachoshuka kisiwani. Si paka, si kuku, si mbegu kwenye soli ya kiatu. Niliijua. Ilinipasa nimpeleke kwa Mzee Kimya saa ileile, arudi na boti ileile. Nikasema, akae nami siku mbili tu, nitamrudisha kimyakimya. Siku ya tatu nilirudi kutoka kazini nikakuta wavu wa dirisha umechanika.

Wale Mkia-uzi niliokuandikia kuwa hawakimbii, hawakimbii kwa sababu tangu vizazi na vizazi hakuna mnyama aliyewahi kuwavizia hapa. Hawajui paka ni nini. Wanamtazama akija.

Mzee Kimya alipoanza kuokota manyoya, akatutuma kuhesabu viota, alidhani ni panya wameingia kwa mashua. Nikahesabu pamoja na wenzangu, nikijua. Nilikuandikia ile barua nzuri nikiwa najua. Nilikaa hivyo wiki tatu, mpaka tarehe tano mwezi huu nikamwendea, nikamwambia.

Hakunifokea. Alinipa daftari jipya akasema, "Andika kila kiota kilichokufa. Wewe mwenyewe." Mpaka leo ni viota thelathini na mbili. Vingine vilikuwa na makinda.

Wenzangu wanaweka mitego yenye samaki kila siku, Soksi haiangalii. Tumemwita kwa kila sauti, haji. Mzee Kimya amesema asipopatikana, msimu huu wageni hawatapelekwa upande wa ndege. Kuhusu mimi hajasema kitu, na yeye jambo asilolisema ndilo zito.

Kosa si lako, Mama. Wewe hukujua, mimi nilijua.

Ile meza ya dirishani, usimpe mtu.

Mwanao

*

Nyumbani,
23 Februari

Mwanangu wa tumboni,

Leo sianzi na salamu za wote, wote ni wazima, watanisamehe.

Nimeisoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa. Sasa nataka nikuambie kitu ambacho sijamwambia hata Bibi. Nilipofika pale uliposema meza usimpe mtu, moyo wangu uliruka kwa furaha. Ulitangulia kuruka, ndege nikawakumbuka baadaye. Tangu ulipopanda boti ile nimekuwa nikiomba ushindwe. Si ushindwe vibaya, ushindwe kidogo, ili urudi. Mdomo unasema Mungu akufanikishe, moyo unapangusa meza ya dirishani. Nimeipangusa kila Ijumaa. Hiyo ndiyo dhambi yangu, na paka ni matokeo yake. Ningekuwa nakuamini, ningekuambia ziba pengo la mlango kwa ubao, yangekwisha.

Nilikaa na hiyo furaha yangu siku nzima. Kwa sababu, mwanangu, mimi najua jinsi ya kumpata Soksi. Najua, na ningeweza kunyamaza.

Sikiliza vizuri. Yule haji kwa sauti ya mtu, na samaki wa mtegoni hamjui ni wa nani. Amekulia chini ya meza yangu. Kila asubuhi nikiwasha pasi ya mkaa naipima moto, narushia matone ya maji kwenye chuma, inalia tssss. Hapo ndipo namtupia kichwa cha samaki. Kila asubuhi, mwaka mzima na zaidi. Hata akiwa juu ya paa la fundi viatu akisikia ule mlio anashuka mbio. Kwake yeye mlio huo ndiyo kengele ya chakula. Usimwite. Kaa chini alfajiri karibu na aliko, washa pasi, ikipata moto rusha matone, nyamaza, rusha tena. Akija usimrukie. Mpe kichwa cha samaki kwa mkono wa kushoto, mimi hutumia wa kushoto maana wa kulia una pasi.

Nimekuwekea pasi yangu mwenyewe ndani ya kapu hili, imefungwa kwenye taulo. Kila pasi ina mlio wake, usiniambie zote ni sawa. Natumia ya jirani yangu wa meza, nzito kama dhambi.

Na la mwisho, nalo ndilo la haraka. Wiki ile kabla hajaondoka, dume la fundi viatu lilikuwa linamzunguka, na Soksi hakukataa. Nimehesabu kwa vidole. Atazaa kati ya tarehe kumi na kumi na tano Machi. Barua hii itakufikia tarehe saba. Akizaa porini, hutakuwa na paka mmoja wa kumtafuta.

Kwa Mzee Mkunjo nimekwenda mwenyewe nikasema, kapu lako nilitia paka. Akauliza, "Kulikuwa na manyoya kwenye mashuka?" Nikasema kidogo. Akavua miwani, akaivaa, akasema, "Miaka kumi na tisa!" Basi. Sijui maana yake, lakini kesho yake nilikuja na mlango ulikuwa wazi.

Nenda kamkamate. Ukishamkamata andika upesi, hata neno moja.

Mama yako

*

Kisiwani,
20 Machi

Mama,

Shikamoo! Shikamoo ya Bibi, ya Mjomba na vidole vyake, ya Mzee Mkunjo. Mdogo wangu nambusu.

Ungekuwepo. Tarehe nane alfajiri tulikwenda mimi na Mzee Kimya mpaka kwenye miamba ya upande wa ndege. Nimebeba pasi yako, yeye amebeba gunia la mkaa. Mzee mwenye nishani tatu, anapepea mkaa kwa kofia yake ya kazi! Nikarusha matone. Tssss. Hakuna kitu. Ndege wanatutazama kama sisi ndio kivutio. Nikarusha tena. Tulikaa mpaka jua likatoka, tukarudi.

Tarehe tisa, tulipofika mlio wa nne au wa tano, kichaka kikatikisika. Akatoka. Mchafu, mwembamba, tumbo limejaa kama kapu lako. Akaja moja kwa moja, akajilaza chini ya pasi, pale ambapo ingekuwepo meza. Nilimpa kichwa cha samaki kwa mkono wa kushoto. Mzee Kimya akafungua boksi taratibu, naye akaingia mwenyewe akiufuata mkia wa samaki.

Mzee Kimya alikaa chini kwenye mwamba, akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kuniambia tangu nije: "Nimefanya kazi hii miaka ishirini na saba. Nimetumia mitego, nimetumia mbwa. Sijawahi kuona mtu anakamata paka kwa pasi."

Siku mbili baadaye alizaa kwenye ghala letu, ndani ya boksi lililofungwa, watoto wanne. Wote watano wanakuja kwako na boti hii, kwa hati, wamesainiwa kama mizigo ya serikali. Pasi yako pia. Daftari langu limefungwa kwenye viota thelathini na tisa. Sitaliacha, nitalitunza.

Kuhusu kazi, hajasamehe wala hajafukuza. Amesema hatangoja Juni. Tarehe thelathini nitawatembeza wageni wanane kutwa nzima, peke yangu, yeye akifuata nyuma bila kusema. Jioni yake ataamua.

Mama, naogopa. Lakini ile meza, mwambie Mzee Mkunjo angojee kidogo tu.

Mwanao

*

Kisiwani,
4 Aprili

Mama,

Nimepata barua yako asubuhi hii kuhusu watoto wa Soksi. Mwambie Mama Redio si kweli kwamba walizaliwa na mabawa. Boti inaondoka saa sita, kwa hiyo naandika mbio.

Wageni walikuwa wanane. Mwalimu mstaafu aliyeuliza kila kitu na kuandika kila kitu, mkewe ambaye hakuandika akakumbuka vyote, wanandoa wapya wasioona chochote ila wao wenyewe, na familia ya watu wanne ambayo baba yao anaogopa ndege na hakuwa amemwambia mtu. Nikaanza nao kwenye mikoko, samaki wanaotembea, yule baba akafurahi maana hawana mbawa. Tukaenda kwenye pango lenye maji matamu ya kunywa, hatua mia tu kutoka baharini. Tukavua viatu tukasimama kwenye maji ya goti, taa watatu wakapita kati ya miguu yetu, wale wanandoa wakaachana mikono kwa mara ya kwanza. Tukamkuta kaa wa nazi juu ya mti, ameshika kopo. Kiatu changu hajanirudishia.

Adhuhuri tukafika kwa Mkia-uzi. Mmoja alikuwa amelalia yai kwenye kivuli. Mke wa mwalimu akainama karibu, akaniuliza kwa kunong'ona, "Mbona huyu hatuogopi?"

Mama, nina jibu la kitabu, nimelikariri. Nikaliweka kando. Nyuma yangu Mzee Kimya amesimama. Nikasema, "Kwa sababu hakuwahi kuwa na adui hapa, mpaka Januari, nilipomletea mimi." Nikawaeleza yote. Kapu, mashuka, siku mbili zangu, wiki tatu zangu, daftari, pasi. Mwalimu aliacha kuandika. Nikajua nimejimaliza, lakini nilijisikia mwepesi.

Jioni Mzee Kimya akaniita ofisini. Kwenye meza palikuwa na kitambulisho, picha yangu imeshabandikwa. Akasema, "Kwa sharti moja. Hiyo hadithi utaisema gatini. Kila boti, kila mgeni, kabla mtu hajafungua begi lake. Sheria tumeibandika ukutani miaka yote, hawaisomi. Leo nimewaona wale wanane wakikung'uta viatu bila kuambiwa."

Kwa hiyo ninacho, Mama. Kiko shingoni. Jana boti ya wageni kumi na wawili imeshuka, nimewaambia. Nimesema "mama mmoja huko bara" alituma paka kwa mapenzi, sikusema ni nani. Mtu mmoja alitoa embe mfukoni mwenyewe, mwingine akafungua mkoba akatoa vijiti vya maua alivyotaka kupanda.

Kila mfanyakazi anaruhusiwa ndugu mmoja kumtembelea, mwezi wa Mei wageni wanapopungua. Boti bure, kitanda bure. Nimeandika jina lako. Najua unaogopa maji. Nimeliandika hata hivyo.

Mwanao

*

Nyumbani,
8 Aprili

Kwa mwongoza wageni,

Nimeanza hivyo ili nilione neno limekaaje kwa mwandiko wangu. Limekaa vizuri, limepinda kidogo mwishoni.

Bibi ni mzima, anakusalimu, alipopata habari amepiga kigelegele kisicho na meno, kina upepo mwingi lakini ni kigelegele. Mdogo wako amelia kwa furaha akasuka kichwa cha mteja vibaya, ikabidi afumue. Mjomba anakusalimu kwa vidole vyote kumi, wiki hii ni vizima. Mama Redio nimemwomba anyamaze mpaka niandike mimi kwanza, amejitahidi robo saa. Soksi na wanawe wako chini ya meza, na Mzee Mkunjo amempa jina mmoja, wa kijivu. Anasema si mapenzi, ni kwa ajili ya hesabu.

Nilimwendea Mzee Mkunjo nikamwambia meza ya dirishani ampe mtu. Aliniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Halafu nilikwenda nyuma kwenye kamba za kuanikia nikalia kidogo katikati ya mashuka, nikarudi kazini. Leo amekaa pale mwanamke mgeni, anapiga pasi haraka mno, anaimba. Nitamzoea.

Sasa hili la hadithi. Nimelifikiri siku mbili. Kwanza niliona haya mpaka masikio yakanichoma. Watu waliosoma, kutoka nchi sijui ngapi, wanashuka kwenye boti na kitu cha kwanza wanachokisikia ni habari ya mwanamke aliyetia paka kwenye mashuka. Nikataka kukuandikia mwombe Mzee Kimya akuache. Kisha nikakumbuka yule mwenye embe. Basi, iseme. Lakini kama ni kuisema, iseme sawasawa. Usiseme "mama mmoja huko bara." Mama mmoja ni nani? Sema ni mama yangu. Sema alikuwa hajui sheria, maana mtu asiyejua atajiona humo, na anayejua atajiona kwako. Usiseme tu alituma paka kwa mapenzi, mapenzi kila mtu anayo. Sema alikuwa na hofu. Sema hofu ya mama huvuka maji upesi kuliko boti. Na ile sehemu ya makinda usiipitie mbio ili kunisitiri. Itaje idadi.

Nitakuja Mei. Nimeshasema, usiniulize mara mbili nisije nikageuka. Maji nayaogopa, lakini nahodha amesema nikae katikati nitazame mashuka, ndiyo kitu ninachokijua. Nitavaa viatu vilivyopigwa brashi mpaka soli. Sitaleta kitu kinachopumua, wala kinachoota, wala kinachoweza kuota ukikimwagilia. Bibi ametaka nimletee kobe zawadi, nimemkatalia.

Nataka ndege wa tawi tupu, wa kwanza kabisa. Nataka kusimama na wale taa wakipita, ukinishika mkono. Yule kaa nioneshe kwa mbali.

Na tukifika gatini, mwanangu, usinivushe pembeni kwa kuwa ni mama yako. Niache kwenye mstari na wageni, na begi langu limefungwa. Simama mbele yetu na kitambulisho chako, useme hadithi yote kama unavyosema kila siku, usiruke hata neno. Wakigeuka kuulizana ni mama gani huyo, nitanyoosha mkono.

Niambie ni boti ya tarehe ngapi, na kama soksi za miguuni nazo zinakaguliwa. Weka jibu kwenye foronya ya kwanza kabisa, juu, nisihangaike kupekua. Na upesi, mwanangu, upesi.

Mama yako